Chati ya nukta, kikundi cha watu wanne na programu ya simu: kipi kinamfaa Mkristo anayepigana na dhambi ileile?

Mkristo aliyeungama dhambi moja kwa mara ya ishirini hahitaji kuelezwa kwamba dhambi ni mbaya. Anajua kuliko wanaomhubiria. Anachotafuta ni kitu cha kushika mkononi, iwe karatasi, mtu au programu kwenye simu, kitakachomsaidia kupigana kesho vizuri kuliko alivyopigana leo. Vitu hivyo vipo, na baadhi vina umri wa karne kadhaa. Hapa tunavipima vitatu: chati ya nukta ya Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, kikundi kidogo cha kuungamiana kwa kanuni za John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, na programu za simu za uwajibikaji. Vyote vinatumika hadi leo. Vyote vimesaidia watu, na vyote vimeumiza watu pia, kwa hiyo tutataja na madhara.

Kipimo chetu ni kimoja: chombo hiki kimeuweka wapi msamaha?

Tunakipata kipimo hicho kwa Paulo. Katika Warumi 7:19 anakiri kwamba lile jema alipendalo halitendi, na lile baya asilolipenda ndilo alitendalo. Mstari wa 24 analia: "Ole wangu, maskini mimi!" Kisha sura ya 8 inafunguka kwa kusema kwamba sasa hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Neno la kuyafisha matendo ya mwili linakuja baadaye, mstari wa 13, na hata hapo anaongeza kwamba ni "kwa Roho". Kati ya msamaha na vita kuna mistari kumi na mmoja, na msamaha umetangulia. Chombo kinachoufuata mpangilio huo kinamwacha mtu apigane akiwa ameshasamehewa. Kinachoupindua kinamfanya apigane ili apate kusamehewa, na vita ya namna hiyo humchosha mtu mpaka anaacha kusali.

(Wafafanuzi hawajakubaliana kama "mimi" wa Warumi 7 ni Mkristo au ni mtu aliye bado chini ya sheria. Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, mwenyewe alianza na jibu la pili, na alipoendelea kuishi na moyo wake akahamia la kwanza. Anayepigana anajitambua mle ndani kabla mjadala haujaisha.)

Chati ya nukta

Chati hii imo katika mazoezi ya kiroho ambayo Ignatius alianza kuyaandika Manresa, Hispania, mwaka 1522, na ambayo Papa Paulo III aliyaidhinisha mwaka 1548. Inaitwa uchunguzi mahususi, kwa sababu inashughulika na dhambi moja tu. Vifaa vyake ni kipande cha karatasi na kalamu. Kwa kila siku ya juma unachora mistari miwili ya kulala, kwa hiyo wiki nzima ina mistari 14. Ignatius anaanza kila jozi kwa herufi G: ya Jumapili ni kubwa, ya Jumatatu ndogo kidogo, na inazidi kupungua mpaka Jumamosi. Umbo lenyewe la karatasi linaonyesha anachokitarajia.

Matumizi yake yana nyakati tatu. Asubuhi, mara unapoamka, unakusudia kujilinda na dhambi ile moja uliyoichagua. Baada ya chakula cha mchana unamwomba Mungu neema ya kukumbuka umeanguka mara ngapi na neema ya kujirekebisha, kisha unaipitia asubuhi yako saa kwa saa tangu ulipoamka, na kwa kila kuanguka unatia nukta moja kwenye mstari wa juu. Baada ya chakula cha jioni unafanya vilevile kwa saa za alasiri, na nukta zake zinakwenda kwenye mstari wa chini. Usiku unalinganisha mistari miwili, kesho yake unalinganisha siku na siku, na Jumapili inayofuata wiki na wiki. Dakika tano kila mara zinatosha. Ukizidisha kumi umeshaacha kuhesabu, unajisuta.

Kuna nyongeza moja ndogo ambayo wengi huiruka, nasi tunaiona ndiyo bora kuliko yote. Kila unapoanguka, papo hapo, unaweka mkono kifuani kwa majuto. Ignatius anasema jambo hilo laweza kufanyika hata mbele za watu bila wao kutambua. Jambo hili lina kazi yake. Pasipo mkono ule, kuanguka kwa saa tatu asubuhi kunasubiri hadi mchana ndipo kutazamwe, na kwa muda wote huo mtu anajiona tayari ameharibu siku, basi anaendelea kuharibu. Mkono kifuani unaifunga dakika ileile: nimeanguka, nimehuzunika, nimerudi, naendelea na kazi. Toba inachukua sekunde tatu, na saa ya nne inaanza upya.

Sasa tuitazame ikifanya kazi. Chukua mtu aliyeandika juu ya karatasi yake "kiburi". Siku ya kwanza hapati nukta hata moja, kwa sababu kiburi hakina saa wala mahali, na hawezi kujua kilianza lini na kikaisha lini. Mwambie abadilishe aandike "kumkatiza mtu maneno ili nionekane najua zaidi". Jumatatu mstari wa juu una nukta nne, wa chini una moja. Jumanne tatu na sifuri. Jumatano tano na moja. Akiandika saa ndogo kando ya kila nukta (hili ni pendekezo letu, Ignatius hakulisema), ataona kwamba karibu nukta zote za asubuhi zimeangukia kati ya saa nne na saa sita, na kwamba katika saa hizo kuna mtu mmoja yupo chumbani ambaye yeye humwogopa. Hapo karatasi imemwonyesha jambo ambalo hakulitafuta: ulimi unakimbia kwa sababu moyo unaogopa kudharauliwa. Anachopaswa kumletea Mungu wiki ya pili ni ile hofu. Ulimi utafuata.

Hiyo ndiyo nguvu ya chati, na hatujui chombo kingine chepesi kiasi hiki kinachofika mbali kiasi hicho.

Makosa ya matumizi ni mengi. La kwanza tumeshalitaja, kuchagua dhambi pana mno. Kanuni rahisi: kama mtu aliyeketi nawe mezani asingeweza kuiona wala kuisikia, wala wewe mwenyewe usingeweza kutaja dakika ilipotokea, basi ipunguze tena. La pili ni kutia nukta kwa jaribu. Wazo lililopita na ukalikataa si kuanguka. Likihesabiwa hivyo, karatasi itajaa nukta za ushindi zilizoandikwa kama kushindwa. La tatu ni kujaza mistari yote miwili usiku kwa kukisia. Kumbukumbu ya usiku ina upendeleo: siku iliyoisha vizuri inasamehe asubuhi yake, na siku iliyoisha vibaya inaihukumu. La nne linavunja watu moyo kuliko mengine: wiki ya kwanza nukta mara nyingi huongezeka. Dhambi haikuongezeka, macho ndiyo yamefunguka. Asiyeonywa mapema huitupa karatasi siku ya nne.

Na nukta zikipungua, chunguza sababu kabla ya kufurahi. Mtu aliyejifungia chumbani siku tatu hatakuwa na nukta za hasira.

Kwa upande wa kasoro zake zenyewe, chati ina mbili. Nukta hazina uzito: neno kali kwa mtoto na mguno mbele ya mlango uliokwama zinaweza kupata alama sawa. Na kubwa zaidi, karatasi yenyewe haina mahali pa msamaha. Ina mahali pa kuanguka tu. Ukiichukua peke yake, jioni unalala ukiwa umetazama orodha ya makosa yako.

Ignatius hakukusudia itumike peke yake. Katika mazoezi yaleyale kuna uchunguzi wa jumla wenye hatua tano, na hatua ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokewa. Ya pili ni kuomba neema ya kuzijua dhambi na kuziondoa. Ya tatu ndiyo kujidai hesabu, saa kwa saa, kwanza mawazo, kisha maneno, kisha matendo. Ya nne kuomba msamaha, ya tano kukusudia kujirekebisha kwa neema yake, na mwisho Baba Yetu. Hesabu imewekwa katikati, imezungukwa na neema pande zote mbili. Siku hizi chati hunakiliwa ikiachwa hatua hizo, au hatua hizo hufundishwa zikiwa zimepunguzwa hadi kuwa tafakuri ya siku isiyotaja dhambi kabisa. Zote mbili ni hasara. Anayetumia chati atie shukrani kabla ya nukta, mambo mawili au matatu ya siku hiyohiyo yenye majina, na asiinuke kabla ya kuomba msamaha na kusali Baba Yetu. Kwa Mkatoliki, na kwa wengine wenye desturi ya kuungama mbele ya padre, karatasi ya wiki mbili tatu ni maandalizi bora ya kitubio: unakwenda na jambo mahususi na chanzo chake, badala ya kusoma orodha ileile ya miaka yote.

Ikitumiwa na hatua zake tano, chati inafaulu kipimo chetu. Bila hizo, inaanguka.

Programu za simu

Hapa hatutakaa sana. Programu hizi kwa kawaida hufanya jambo moja au zaidi kati ya matatu: huzuia tovuti fulani, hupeleka ripoti ya matumizi ya simu kwa mtu uliyemchagua, na huhesabu siku mfululizo ulizokaa bila kuanguka. Nyingi zimelenga picha za ngono.

Uzio una thamani yake, na maandiko yanauunga mkono. Warumi 13:14 yataka tusiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake. Ndiyo aya aliyoisoma Augustino bustanini Milan mwaka 386, alipoongoka. Mtu anayeanguka saa saba usiku akiwa na simu kitandani hahitaji falsafa kwanza, anahitaji simu ilale chumba kingine. Programu inayoziba mlango ule inampa dakika chache za kufikiri, na dakika hizo zina maana kubwa.

Kaunta ya siku ndiyo inayotutia shaka. Tazama kinachotokea. Kioo kinaonyesha siku 41. Mtu anaanguka mara moja, anabonyeza kitufe, na namba inakuwa 0. Siku 41 za kusali, kukimbia, kukataa na kuomba msaada zimefutwa kana kwamba hazikuwapo. Usiku uleule anaanguka tena, mara ya pili na ya tatu, kwa sababu sifuri haiwezi kupungua. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, aliyechunguza watu wanaoacha pombe, aliueleza utaratibu huo katika miaka ya 1980: aliyejiwekea sharti la kutogusa kabisa, akivunja mara moja, hujilaumu kwamba yeye ndivyo alivyo, na lawama hiyo ndiyo inayomsukuma kutoka kosa moja hadi kurudi kabisa. Mkristo ana jina lingine kwa sauti ile inayosema "ndivyo ulivyo". Anaitwa mshitaki wa ndugu zetu.

Kaunta inaweka msamaha mwishoni, kama zawadi ya kufika siku ya 90. Kama programu yako inaruhusu, izime. Kama hairuhusu, hesabu kwa mkono siku za kushinda katika mwezi: siku 29 kati ya 30 ni siku 29, na iliyobaki inatubiwa bila kuzila nyingine.

Ripoti nazo zina udhaifu unaojirudia. Mpokeaji huzisoma kwa makini wiki za mwanzo, kisha huacha, na mtumaji hutambua haraka kwamba ameacha. Mkeo au mumeo akiwa mpokeaji, ndoa inageuka kituo cha polisi. Chagua rafiki wa jinsia yako, aliyekomaa, na mkubaliane siku na saa ya kuzungumza ripoti ifike isifike. Soma pia ruhusa ambazo programu inaomba kabla ya kukubali. Inayopiga picha za kioo inaweza kuona na ujumbe wa benki, na wa daktari, na wa mtu mwingine aliyekueleza siri yake. Tena simu inaona macho tu. Wivu, uchoyo, uvivu wa kusali na chuki ya kimyakimya havimo katika ripoti yoyote.

Programu inafaa kama uzio wa muda, kwa dhambi inayopitia kwenye kioo. Zaidi ya hapo usiitegemee.

Kikundi cha kuungamiana

John Wesley alianza kuandika shajara mwaka 1725 akiwa Oxford. Kufikia mwaka 1734 alikuwa akijiandikia saa kwa saa, na kila saa akiipa bidii ya moyo wake alama ya namba, kuanzia 1 hadi 9. Hatujui mtu aliyejipima kwa ukali kumzidi. Alama hizo hazikumpa amani. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mtaa wa Aldersgate, London, akisikiliza maneno ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi yakisomwa, alisadiki kwamba Kristo amemwondolea yeye mwenyewe dhambi zake. Miezi saba baadaye, tarehe 25 Desemba 1738, aliandika kanuni za vikundi vidogo vya waumini. Swali la kwanza la anayetaka kuingia linauliza kama amepata msamaha wa dhambi zake. La pili linauliza kama ana amani na Mungu. Maswali ya dhambi ulizotenda yanakuja baada ya kuingia.

Mtu aliyekuwa akijipa alama kila saa ndiye aliyeutanguliza msamaha mlangoni. Kwa kipimo chetu hakuna kinachozidi hapo.

Kanuni zenyewe ni chache. Mkutano ni mara moja kwa wiki angalau. Mfike kwa saa iliyopangwa, muanze saa ileile kwa wimbo au sala. Kila mmoja kwa zamu aseme wazi hali ya nafsi yake, makosa aliyotenda kwa wazo, neno au tendo, na majaribu aliyoyapata tangu mkutano uliopita. Mfunge kwa sala inayogusa hali ya kila aliyepo. Na mmoja wenu aanze kwa kusema hali yake mwenyewe kabla ya kuwauliza wengine. Wanaume walikutana na wanaume, wanawake na wanawake, waliooa na kuolewa mbali na wasiooa na kuolewa. Lengo lilikuwa kutii Yakobo 5:16, kuungamiana na kuombeana mpate kuponywa.

Kila wiki yanaulizwa maswali manne. Umetenda dhambi gani unazozijua tangu tulipokutana? Umekutana na majaribu gani? Uliokolewaje nayo? Umewaza, umesema au umetenda nini ambacho huna hakika kama ni dhambi?

Vikundi vingi hukazana na la kwanza na kusahau la tatu. Tunaomba wasilisahau. Swali la tatu linamlazimisha mtu kutazama wiki yake na kutafuta mahali ambapo neema ilimshika: alikuwa anaelekea kujibu ujumbe kwa hasira, mtoto akalia, akainuka, aliporudi hasira imepoa. Kabla ya kuulizwa asingeona kwamba hapo aliokolewa. Akiulizwa wiki baada ya wiki, anaanza kuona mkono wa Mungu wakati tukio linaendelea, na hilo humpa nguvu ambayo kujisuta hakujawahi kumpa mtu. Swali la nne nalo ni huruma kwa wenye dhamiri inayowashitaki upesi: linawaondolea mzigo wa kuwa hakimu peke yao. Wanaliweka jambo mezani, ndugu wanalitazama, na kama si dhambi wanaambiwa kwamba si dhambi.

Kwa vitendo, watu watatu hadi watano wanatosha. Wanne ndio wanaokaa vizuri. Mpe kila mmoja dakika kumi na tano bila kukatizwa, na mbili tatu za kuombewa palepale, kabla ya kwenda kwa anayefuata. Kumwombea papo hapo kuna maana: asikae saa nzima na alichosema kikiwa kimening'inia hewani. Na mmoja amwambie kwa sauti neno la 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Watu wanasema, "Si analijua?" Analijua. Lakini kulisikia kutoka kinywani mwa aliyesikia dhambi yako ni jambo jingine kabisa. Mashaka ya usiku husema "wangejua", hawa wamejua.

Kinachoharibu vikundi ni hiki. Ungamo la jumla: "nimepungukiwa upendo wiki hii." Uliza mara moja, kwa upole, ni kwa nani na siku gani; akikaa kimya, mwache, usichimbe. Ungamo la dhambi za wengine: "nilikasirika kwa sababu mke wangu ana tabia ya..." Mrudishe kwenye sehemu yake. Ushauri: mtu hajamaliza sentensi, tayari ameshapendekezewa njia saba. Piga marufuku ushauri mpaka sala ipite. Kiongozi asiyesema yake: akiuliza tu bila kufunguka, ndani ya mwezi wote watakuwa wanaungama dhambi za heshima, usingizi wakati wa sala na haraka barabarani. Na siri kuvuja nje ya kikundi. Neno moja likitoka, kikundi kimekufa hata kama kitaendelea kukutana.

Mpaka mmoja uwekwe siku ya kwanza na usirudiwe kujadiliwa. Kikundi hakina muhuri wa siri kama ule unaomfunga padre katika kitubio. Mtoto akiwa hatarini, au mtu anapigwa nyumbani, au mtu anataka kujiua, jambo hilo linapelekwa kwa wenye mamlaka na wataalamu siku hiyohiyo. Msamaha wa Mungu kwa mtenda jeuri haumwondolei aliyetendewa haki ya kulindwa.

Asiyepaswa kutumia chati

Kuna watu ambao chati ya nukta ni sumu kwao, na kinachowaonya kwanza ni maisha ya Ignatius mwenyewe. Machi 1522 aliungama Montserrat dhambi za maisha yake yote, kwa maandishi, kwa muda wa siku tatu. Alipofika Manresa mashaka yakamrudia: huenda kuna aliyoisahau, huenda hakueleza vizuri. Akaungama tena na tena bila nafuu, mpaka akajaribiwa kujitoa uhai. Padre muungamishi alimwamuru asiungame tena mambo ya zamani isipokuwa yaliyo wazi kabisa. Naye kila moja aliliona wazi kabisa. Mwisho alikata shauri asiyaungame tena yaliyopita, na hapo ndipo alipofunguliwa. Luther naye, kabla ya kuielewa haki ya Mungu kama zawadi, alikuwa akimchosha msimamizi wake Johann von Staupitz kwa maungamo marefu, mojawapo ikasemwa ilichukua muda wa saa sita nzima.

Dalili ni hizi: dhambi moja iliyosamehewa inaungamwa mara ya tatu na ya nne, swali moja linaulizwa kwa mchungaji, kwa padre, kisha kwa rafiki, na hakuna jibu linalotosha, sala inarudiwa toka mwanzo kwa sababu neno moja halikutamkwa kwa moyo, mtu anaiogopa Meza ya Bwana kwa mawazo ambayo hakuyaalika. Mwenye dalili hizi asichore mstari hata mmoja. Aweke karatasi chini, achague mlezi mmoja wa kiroho tu, alifuate neno lake hata moyo ukipinga, na amwone pia mtaalamu wa afya ya akili, kwa kuwa mashaka ya namna hii yanaweza kuwa ugonjwa unaotibika. Kumwona daktari si upungufu wa imani. Kikundi kinaweza kumfaa, kwa sharti moja, kwamba aanzie swali la tatu na la kwanza aliruke mpaka mlezi wake aseme.

Pa kuanzia

Kwa asiye na dalili hizo, anza na chati kwa wiki mbili, dhambi moja, hatua tano kila jioni. Ichague ile ambayo Waebrania 12:1 inaiita dhambi ituzingayo kwa upesi, hata kama si ile inayokuaibisha zaidi. Mara nyingi ya aibu ni tawi tu. Kama inapitia kwenye simu, weka uzio siku ya kwanza na uzime kaunta. Wiki ya tatu tafuta mtu mmoja, si watatu, umwonyeshe ulichokiona kwenye karatasi: saa zile, mahali pale, hofu ile. Kikundi huota kutoka kwa wawili waliokwisha kuaminiana.

Nukta zisipopungua, na inatokea, usiongeze sala wala kufunga kwanza. Tazama mambo matatu: usingizi, upweke, na mtu ambaye hujamsamehe. Kisha rudi kwenye hatua ya kwanza ya jioni, shukrani, uone kama umekuwa ukiiruka.

Jumapili ya tatu, karatasi ya wiki ya kwanza ikishalinganishwa na ya pili, haina kazi tena. Ichane. Iliyobaki mbele yako ni ya wiki inayoanza, mistari 14 isiyo na alama yoyote.